Klachi Iangalie Mstari: Babu Vipuri Ajibu Barua za Safari ya Oman

Toleo lililopita niliandika ukurasa mmoja tu juu ya siku nane tulizozunguka Oman kwa pikipiki mwishoni mwa Aprili. Tulikuwa waendeshaji wanne na pikipiki nne za kukodi. Tulitoka Muscat tukafuata pwani mpaka Sur na Ras al Jinz, tukakata bara kupitia Bidiyah na Ibra hadi Nizwa, kisha tukarudi Muscat. Nilikuwa mimi, Fundi, ambaye tunashirikiana naye duka la vipuri hapa Tanga, Mwalimu, mstaafu wa somo la historia, na shemeji yangu anayefanya kazi Muscat, ambaye ndiye aliyetutia wazimu huo. Barua zilizoletwa zimeshinda hata zile za kabureta zinazovuja, na kabureta ndizo zilizonileta kwenye ukurasa huu. Wenye kabureta mnisamehe mwezi huu.

Shikamoo Babu. Mimi ni dereva wa boda, Morogoro, nina miaka saba barabarani. Tuko marafiki watatu tunaweka akiba twende huko ulikokwenda. Tusafirishe pikipiki zetu au tukodi? Na leseni yangu itatosha?

Marahaba, mwanangu. Kodini. Kupakia pikipiki ya cc 125 melini, ulipe ushuru, uingoje bandarini, halafu uje uipitishe kwenye barabara ya mwendo wa 120 kwa saa, hiyo siyo safari, ni adhabu.

Leseni: fungua pochi uitazame sasa hivi, usingoje uwanja wa ndege. Ikiwa imeandikwa A1, hiyo ni ya pikipiki ndogo, zisizozidi cc 125. Zile tulizokodi zilikuwa Himalayan za Royal Enfield, silinda moja, cc 411. Unahitaji daraja A. Juu yake chukua kibali cha kimataifa cha udereva, na kabla hujatuma hata senti moja ya amana mwandikie mwenye pikipiki umuulize kwa maneno mepesi: leseni hii mnaikubali? Bima inanikinga mimi, au inakikinga chombo chenu tu? Jibu lake lihifadhi kwenye simu.

Miaka saba ya boda ni shule kubwa, siidharau. Umejifunza kusoma mawazo ya dereva wa daladala akiwa bado hajayawaza. Lakini ni shule ya mwendo wa arobaini na abiria mgongoni. Huko lori linakupita kwa upepo unaokusukuma nusu ya njia. Tafuteni pikipiki kubwa ya mtu, mfanye nayo mazoezi Jumapili mbili tatu kwenye barabara ndefu.

Jambo moja la uani kwa mkodishaji. Sisi tulichelewa kuondoka kwa saa nzima kwa sababu ya cheni. Niliyopewa mimi ilikuwa imetiwa mafuta vizuri, inang'aa. Fundi akachuchumaa, akashika cheni nyuma kabisa ya sproketi kubwa, pale inapozunguka gurudumu, akaivuta kuja kwake. Cheni isiyochakaa haitoki hapo, inakaa kama imegandishwa. Yangu iliinuka mpaka tukaliona nusu jino la sproketi, na meno yenyewe yalikuwa yamelala upande mmoja kama meno ya papa. Yule kijana wa uani alinuna, akatuambia wateja wote waliotangulia hawakulalamika. Fundi akamwambia hao hawakuvuta. Ikabadilishwa. Mafuta ya cheni huficha mengi, vuta mwenyewe. Halafu piga picha kila mkwaruzo, na mwenye chombo awe amesimama hapo anakuona.

Babu, huko wanaendesha kulia. Mimi ni dereva wa lori Iringa, miaka ishirini na mbili mkono wa kushoto. Hamkuchanganyikiwa? Mlifanyaje?

Tulichanganyikiwa, tena mimi zaidi kwa kuwa nimezeeka na mazoea. Lakini si mahali unapodhania. Kwenye msongamano wa Muscat hakuna shida, kwani magari yanakubeba kama maji, hata ukitaka kukosea hupati nafasi. Hatari ni alfajiri. Umetoka sheli umeshiba mafuta, barabara tupu, hakuna gari hata moja la kukukumbusha, na mikono inakupeleka kushoto yenyewe huku unawaza chai. Mimi lilinikuta Quriyat siku ya pili. Nilikwenda mita mia mbili nikiwa upande usio wangu, mpaka shemeji akapiga honi nyuma yangu kama mwenye harusi.

Jioni ile nikafunga uzi mwekundu kwenye mkono wa klachi, ule wa kushoto. Nyumbani klachi inaangalia mtaro. Oman klachi iangalie mstari wa kati. Basi. Kila nikitoka mahali naangalia uzi, nauliza: mstari uko wapi? Kwenye mizunguko ya barabara unaanza kwa kukata kulia, na anayekujia anatoka kushoto kwako, kwa hiyo shingo nayo inabidi ifundishwe upya. Kwa lori ningesema ufunge kitambaa, pa kukifunga utajua mwenyewe.

Na kamera za mwendo ni nyingi kama minazi. Usishindane nazo.

Kaka Mkubwa, naishi Nairobi. Umeandika kwamba Sur "mlijibiwa kwa Kiswahili". Ni kweli watu wanakizungumza, au ni mambo ya waandishi?

Ni kweli, ila si kila mlango. Mkahawa wa njiani atakuhudumia Mhindi wa Kerala, mtaelewana kwa vidole na neno karak, ile chai ya maziwa na iliki. Vijijini bara ni Kiarabu. Lakini watu wa Sharqiyah, yaani Sur, Ibra, Mudhairib na huko, ndio waliovuka kwa wingi kuja Unguja na bara letu zamani, na wengi wa watoto na wajukuu zao walirudi. Kwa hiyo Kiswahili kipo, kimekaa majumbani, na kinatokea pale usipokitegemea.

Sisi kilitokea kwenye pancha. Fundi alikuwa ametangulia (nitaeleza chini kwa nini alikuwa peke yake), na kilomita chache kabla ya Sur msumari ukaingia tairi la nyuma. Himalayan zile zina spoki na tyubu, huwezi kuchomeka kizibo ukaenda. Inabidi utoe gurudumu na tairi. Tulipomfikia tukamkuta amekaa kwenye kivuli cha pikapu nyeupe, na mzee mmoja wa kanzu na kofia ya kutarizi amechuchumaa anapaka kipande cha sabuni ya kufulia kwenye ukingo wa tairi, taratibu, kama anampaka mtoto mafuta.

Mzee ndiye aliyetusimulia. Alikuwa akipita, akamwona kijana mweusi anapigana na gurudumu. Akapunguza mwendo. Kupitia dirishani akasikia: "Ingia wewe, mwanaharamu, ingia!" Akasimamisha gari, akarudi kinyumenyume, akashusha kioo akamwambia, "Usimtukane. Mpake sabuni."

Fundi anasema alidhani jua limempiga.

Alizaliwa Ng'ambo, Unguja. Aliondoka na mama yake akiwa na miaka tisa, 1964, na hapo hakuongeza neno wala sisi hatukumhoji. Walikaa Dar kwa ndugu, wakaja Oman baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Kiswahili chake kilikuwa kimesimama mahali pale alipokiacha. Tairi kwake ni mpira, gari ni motokaa, na alituuliza kama Tanga bado kuna gari la moshi. Wajukuu zake wawili walikuwa kiti cha nyuma. Aliwasemesha Kiswahili, wakajibu kwa Kiarabu, naye akaendelea kwa Kiswahili kana kwamba hajasikia tofauti. Nadhani ndivyo wanavyoishi kila siku.

Jioni alitupeleka kuona jahazi la Fath al-Khair lililoundwa Sur mwaka 1951, limesimamishwa nchi kavu kama mzee aliyestaafu na suti yake. Halafu akatupeleka kwenye uwanja wa majahazi. Mafundi tuliowakuta wakiranda mbao ni Wahindi. Fundi alikaa pale mpaka giza, akawa anapitisha kidole kwenye maungio ya mbao akitafuta pengo. Alilipata moja, akafurahi.

Lakini kilichonibakia mimi ni dari. Mzee alituonyesha nyumba kuukuu ya jirani, haina mtu, akasema tazameni juu. Boriti. Mikoko iliyopangwa sambamba, imeparamia kutoka ukuta hadi ukuta, myeusi kwa moshi. Zilikuwa zikiletwa na majahazi kutoka kwetu, Rufiji na Lamu, yakirudi na msimu wa upepo wa kusi. Ndiyo maana, akasema, vyumba vya zamani vya pwani ni vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti. Nikapima kwa hatua. Nne zangu, za mzee mwenye goti bovu. Nimekulia chumba cha upana uleule mtaa wa Chumbageni.

Shikamoo Babu. Nasomea uuguzi Dodoma. Ulisema mlifika mahali jua likawa nyuzi 41. Mtu anavaaje koti la pikipiki kwenye joto hilo bila kuzimia?

Marahaba, binti. Kwanza tukiri kosa: tulikwenda mwishoni mwa Aprili kwa sababu tiketi zilikuwa nafuu. Wenye akili huenda kati ya Novemba na Machi.

Tulipofika Bidiyah, pembeni ya jangwa la Sharqiyah, shemeji alifungua zipu ya koti apate upepo. Wewe wa uuguzi utanielewa haraka. Hewa ikiwa baridi kuliko mwili, upepo unakupoza. Hewa ikishakuwa na joto kuliko ngozi yako, upepo ni tanuri lenye feni, unakupiga joto na kukukausha jasho kabla halijafanya kazi yake. Kilomita thelathini baadaye alikuwa anajibu maswali ambayo hatukuuliza. Tulimlaza kwenye kivuli cha msikiti wa njiani, miguu juu, maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo.

Baada ya hapo tukafuata utaratibu wa madereva wa huko. Fulana ya pamba unailoweka kwenye maji mpaka inadondoka, unaivaa, juu yake koti limefungwa, unaacha matundu madogo tu ya mikono na shingo. Maji yanakauka polepole ndani, mwili unapoa kwa karibu saa moja. Bara, ambako hewa ni kavu, ni kama kuvaa mtungi. Pwani haifanyi kazi vizuri, kwa vile hewa yenyewe imeshiba maji. Huko dawa ni kuondoka saa kumi na mbili alfajiri na saa tano uwe umeshalala chini ya feni.

Kwa chombo: upepo wa tairi pima asubuhi kabla hujawasha. Mchana tairi likiwa moto kipimo kitapanda, na wapo wanaolipunguza wakidhani wamefanya la maana. Na tangi usilijaze mpaka mdomoni ukaliacha juani. Petroli nayo inavimba.

Babu, kobe wa Ras al Jinz mliwaona? (Mwanafunzi, darasa la sita, Lindi)

Tuliwaona, mjukuu wangu, lakini wewe ni wa Lindi, usiniaibishe: kobe ni wa nchi kavu, wale ni kasa. Unakwenda na mwongozaji, usiku au alfajiri, bila tochi wala mwanga wa simu. Tulimkuta mmoja mkubwa kama meza anafukia mayai yake, anarusha mchanga nyuma kwa makasia. Mwalimu alisimama upande usiofaa, akarudi na mchanga mpaka mifukoni.

Assalaamu alaykum Babu. Mie ni mwanamke wa Mombasa, nina pikipiki yangu cc 150 na twataka kwenda watu wawili, mie na shoga yangu. Je, mwanamke aweza? Na mavazi yawe vipi?

Waalaykumu ssalaam, binti yangu. Wanawake wa huko wanaendesha magari wengi tu, na barabarani sikuona mtu akigeuza shingo zaidi ya anavyomgeuzia mtalii yeyote. Lakini mimi ni mwanamume, nisijitie kujua. Nilimpigia mke wa shemeji, maana yeye alikaa nyuma ya mumewe kutoka Muscat mpaka Sur kabla ya kurudi kwa gari. Alisema nikuandikie hivi:

Suruali pana ya pamba chini, koti la pikipiki juu, kila kitu kifike kifundoni. Mtandio uwe mfupi, uingie wote ndani ya kola. Mkia wa ushungi ukipeperuka unakuchapa macho, na ukirefuka zaidi unatafutwa na cheni. Mwenyewe aliona baibui la mtu likiliwa na gurudumu la nyuma huko Mwanakwerekwe, hakuvaa baibui kwenye pikipiki tena. Shimo la maji la Bimmah lina ngazi, watu wanaogelea. Nguo ziwe za heshima, mabega na magoti yafunikwe, na hilo linawahusu wanaume pia ingawa hawaambiwi. Wadi Shab mnavuka kwa mashua ndogo chini ya daraja la barabara kuu, riali moja kwenda na kurudi, halafu mnatembea kama dakika arobaini na tano kwenye mawe. Viatu vya kushika, siyo malapa. Mwisho wake kuna mwanya mwembamba kwenye jabali, unapita kichwa tu kikiwa juu ya maji, unatokea pangoni penye maporomoko. Asiyejua kuogelea asijaribu kwa aibu ya wenzake.

Kisha akasema, na nanukuu, "Mwambie kiti cha nyuma ni kigumu kuliko ndoa."

Mimi nitaongeza la wadi. Neno hilo ni mkondo wa maji, mara nyingi uliokauka, na unaweza kuwa mkavu kwako huku mvua inanyesha mlimani usikoona. Barabara zinapokatiza mikondo hiyo utaona nguzo zilizopakwa rangi za kupimia kina. Maji yakiwa yanapita, simama. Usipime kwa tairi. Aprili 2024 mafuriko yaliua watu huko, wakiwamo watoto wa shule waliokuwa ndani ya gari.

Mzee mwenzangu, niko Kigoma. Mwaka juzi tulikwenda Mwanza marafiki watano kwa pikipiki, tukarudi hatusemezani. Mpaka leo mmoja akiniona sokoni anajifanya kutazama dagaa. Ninyi mlifanyaje mkarudi salama?

Hatukurudi salama moja kwa moja, ndugu yangu. Sasa niseme nililolificha kwenye jibu la Nairobi.

Pesa haikutugombanisha. Tulikuwa na mfuko mmoja, kila mtu alitia sawa, Mwalimu akaushika kwa kuwa ndiye peke yake mwenye daftari. Petroli, maji, chakula vyote vilitoka humo. Tena petroli ya oktani 95 tulinunua kwa baisa 239 lita, na baisa elfu ndizo riali moja. Ukijaza tangi la lita 15 riali nne hazikwishi. Hakuna wa kugombania hapo.

Tuligombana kwa ajili ya mwendo. Siku ya tatu tulifika Qalhat. Ulikuwa mji mkubwa wa bandari, sasa ni mawe, na kaburi la Bibi Maryam lililobomoka kuba. UNESCO wameuorodhesha kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Tulilitazama tukiwa nje ya uzio, saa sita mchana. Mwalimu amefundisha miaka thelathini kwamba Ibn Battuta, msafiri wa kale kutoka Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, na hakuwa ameuona upande wa pili wa safari ile. Akavua helmeti akaanza. Ibn Battuta alishuka Sur, akauona mji wa Qalhat kama uko hapo tu, akaamua kutembea. Akachukua mtu wa kumwonyesha njia. Kumbe mji uko mbali, njia ni makorongo, kiu, na yule mwonyesha njia anazitaka nguo zake. Akatembea amekamata mkuki, akafika miguu imevimba. Mwalimu alisimulia kila korongo.

Fundi alitaka kufika Sur kabla mafundi wa majahazi hawajafunga kazi. Mara ya kwanza akasema twende. Mara ya pili akawasha pikipiki. Mwalimu akaendelea. Mara ya tatu Fundi akaondoka, bila neno. Kilomita ishirini na kitu tu, mtu anaweza kwenda peke yake. Ila pampu ilikuwa kwenye begi la Mwalimu. Na msumari ulikuwa njiani unamsubiri.

Tulipomkuta na yule mzee wa sabuni, Mwalimu alitoa pampu akampa, hakusema kitu. Fundi akajaza upepo, hakusema kitu. Mambo yaliyosemwa usiku ule hotelini siyaandiki hapa. Baada yake tukakubaliana hivi, na ningekushauri uwapelekee wenzako hata sasa, hasa huyo wa dagaa.

Anayeendesha polepole kuliko wote awe wa pili, mgongoni mwa kiongozi. Ukimweka mwisho atakimbia kuwafikia, na huko ndiko kuanguka. Anayejua njia mbele, mwenye vifaa na pampu nyuma kabisa, kwa sababu aliyeharibikiwa hubaki nyuma, habaki mbele. Msifuatane mstari mmoja. Mmoja akae kushoto ya njia yenu, anayefuata kulia, ili kila mtu aione barabara na siyo taa ya mwenzake. Kwenye kila njia panda simama mpaka uione taa ya aliye nyuma yako. Wewe hujali waliotangulia, unamjali mmoja tu wa nyuma. Ukifanya hivyo, msafara hauwezi kukatika hata mkiwa kumi.

Na kila mtu apewe nusu siku yake, asiulizwe. Ya Fundi ilikuwa majahazi. Ya shemeji Wadi Shab. Mwalimu alichukua ngome ya Jabreen, tukakaa humo tukitazama dari zilizochorwa mpaka shingo zikauma, na Fundi hakuangalia saa hata mara moja, nilimchunguza. Yangu ilikuwa waridi za mlima wa Jabal Akhdar. Kwenye kizuizi cha barabara cha Birkat al Mawz, mwanzo wa kupanda, polisi wanataka gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo pikipiki tuliziacha Nizwa tukakodi gari. Juu kule, kama mita elfu mbili, palikuwa na baridi ya Lushoto. Msimu wa kuchuma ulikuwa umefika. Kwenye chumba cheusi kwa masizi mzee mmoja alikuwa anajaza maua kwenye vyungu vilivyojengewa ndani ya jiko la udongo, juu ya kila kimoja sufuria ya maji baridi. Mvuke unapanda, unagonga kitako cha ile sufuria, unadondoka kwenye bakuli lililoning'inizwa ndani. Maji yale yananukia waridi na moshi pamoja. Fundi alisema ni rejeta.

Babu Vipuri, kwa heshima zote. Tanga mpaka Pangani ni kilomita kama hamsini, bahari ileile, minazi, mji wa kale. Umemaliza kuiona hiyo ndipo ukaenda kutumia hela kwa Waarabu? Ni majivuno tu. (Mtoto wa Pangani)

Umenipata. Pangani nimekwenda mara nyingi kupeleka vipuri, na kila mara nimerudi kabla ya magharibi. Sikumbuki hata mara moja niliposimama kutazama dari ya nyumba ya mtu. Tulipotoka Sur nilimwambia Mwalimu zile nyumba za kando ya mto pale Pangani lazima zina boriti zilezile na vyumba vya hatua nne. Akasema atakuja kupima na utepe. Tunakuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, pikipiki tatu, na tutatafuta pa kulala. Kama kwenu kuna dari ya zamani, tuandikie.

Babu, umetuletea nini kutoka Oman? (Mteja wako wa siku zote, barabara ya ishirini)

Halwa, kopo mbili, imeisha. Ubani, mama watoto ameuficha. Na chupa moja ya yale maji ya waridi, ambayo niliifunga ndani ya begi la vifaa nikidhani ndipo penye usalama zaidi. Kizibo kililegea ndegeni. Nimefuta kila kitu kwa petroli mara mbili, lakini spana namba 12 haikubali, inanukia mpaka leo. Fundi haipendi. Akija mteja anaichukua kumi na tatu kwanza, anajaribu, haishiki, ndipo anainama chini ya kaunta.